Matumbawe ghorofani Bweyogerere: uzi wa tangi la maji ya chumvi hapa Uganda

#1 Mvuvi_wa_NchiKavu (Bweyogerere)

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niweke ile picha ya samaki klauni mwezi uliopita, napokea ujumbe kila siku na wote mnauliza kitu kimoja: "Wale samaki unawatoa wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nafungua uzi tumalizane humu.

Samaki ndilo swali la mwisho. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa mfugaji wa samaki, nilikuwa mpishi wa maji na mlinzi wa umeme. Ukiyamudu hayo mawili, samaki hawana shida. Usipoyamudu, hata ukiletewa klauni bure utamzika Jumapili.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa mafriji, mzaliwa wa Busia. Nilikaa Likoni miaka sita kabla ya kurudi Uganda, na ugonjwa huu niliupata huko. Tangi langu ni sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lita 180 na ushee, liko sebuleni ghorofa ya pili, na sasa lina miaka mitatu. Wakazi wake ni klauni wawili, kamba msafishaji mmoja, konokono kama kumi, matumbawe laini mengi na yale ya mifupa migumu machache.

Uzito kwanza. Maji peke yake yanakaribia kilo 185. Ongeza kioo, mawe, mchanga na fremu, unakaribia robo tani. Usithubutu kuliweka juu ya kabati la televisheni. Mimi nilichomewa fremu ya vyuma vya pembe na mafundi wa Katwe, nikaipiga rangi mara tatu kwa sababu chumvi haina huruma na chuma. Kioo ni milimita 10. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu, na fundi wa vioo atakwambia zote ni sawa. Si sawa.

Sasa maji. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, yametiwa klorini, na kwa kunywa sina neno nayo. Ila klorini inaua bakteria tunaowategemea, na fosfeti na naitreti kidogo zilizomo ni mbolea ya mwani. Kwa hiyo yanapita kwenye chujio la osmosisi: tope linabaki mwanzo, mkaa unakula klorini, utando unazuia yaliyobaki, resini inamalizia mpaka kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kisome sifuri. Hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinakwama. Utando unataka msukumo wa bar 3 na nusu hadi 4. Tangi la juu ya paa, likiwa mita tano juu ya bomba lako, linakupa nusu bar. Utakaa siku nzima unahesabu matone. Nunua pampu ndogo ya kuongeza msukumo tangu mwanzo. Kila lita moja safi inaacha lita tatu au nne za kutupwa, na sisi hizo tunafulia. Mke wangu aliukubali mradi huu kwa sababu ya maji ya kufulia, tusidanganyane.

Chumvi ya kuchanganya inaingia gramu 35 kwa kila kilo ya maji, lakini ya paketi huvuta unyevu, hivyo napima 37 hivi kwa lita. Kujaza tangi mara ya kwanza ni kama kilo 6 na nusu. Baada ya hapo kila wiki nabadilisha lita 18, yaani gramu 660 na kitu. Mwaka ukiisha nimekula kilo 35 za chumvi. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua kioo, kwa sababu kioo unanunua mara moja.

Ichanganye kwenye pipa, pampu izungushe usiku kucha, kisha pima kwa rifraktomita, kile kipima uchumvi. Unatafuta 35, au uzito linganifu 1.026. Rifraktomita isawazishwe kwa maji maalumu ya 35, usiisawazishe kwa maji matupu halafu ukaiamini.

Nitaendelea kesho. Maswali yaanze.

#2 Nkejje_wa_Jinja

Ssebo, mimi nina maswali mawili na kicheko kimoja.

Kicheko: tuna ziwa zima mlangoni, limejaa samaki wadogo, nkejje wa kila rangi, wewe unaunguza umeme kuigiza bahari ambayo hata jirani yako hajawahi kuiona. Haya.

Swali la kwanza: chumvi si ipo Katwe? Nenda Kasese, chukua gunia, rudi. Kwa nini ya ng'ambo?

Swali la pili: madereva wa malori wanatoka Mombasa kila siku. Si wakuletee mapipa mawili ya maji yenyewe, chumvi na bakteria tayari?

#3 Mvuvi_wa_NchiKavu

@Nkejje_wa_Jinja cheka tu, ssebo, ila maswali yako ni ya maana.

Mimi kwenye hobi hii natumia Katwe moja tu, ile ya Kampala ya kuchomelea vyuma. Katwe ya Kasese ni ziwa la volkano, si bahari iliyokauka. Kilo moja ya maji ya bahari ina kloraidi kama gramu 19, sodiamu karibu 11, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4 na potasiamu 0.4. Ukibadilisha uwiano huo, hayo si maji ya bahari tena hata kama ulimi unakwambia ni yaleyale. Maji ya Katwe yana karboneti na salfeti tele, kalsiamu na magnesiamu yake ni kidogo mno, na ukali wake ni mwingine kabisa. Kiwanda kilichoanza kujengwa pale miaka ya 1970 kiliangushwa na kutu, mabomba yaliliwa. Sasa tumbawe linajenga mifupa kwa kalsiamu na karboneti. Ukilinyima kalsiamu unataka lijenge kwa nini? Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu na kloraidi basi. Itakufaa kwenye mayai.

La malori nawaachia watu wa pwani.

#4 Kilindini77 (Mombasa)

Ndugu yangu wa Jinja, salaam. Maji ya kuchota hapa ufukweni usimpe hata adui yako. Upande wa bandari kuna mafuta ya meli, na mvua ikinyesha kila kitu cha mji kinaingia baharini. Maji safi yanataka utoke kwa mashua nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa. Halafu yapande lori zaidi ya kilomita 1,100, yangoje mpakani siku mbili tatu kwenye pipa lililofungwa juani. Viumbe vidogo vilivyomo vitakufa njiani vioze. Yakifika Kampala ni supu.

Na niseme jingine, kwa sababu kila mara napigiwa simu. Kuna watu wa bara wanaoniomba nitoe matumbawe Shimoni niwatumie kwa basi. Jibu ni la. Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya bahari, hakitoki hata kipande. Na hata nje ya hifadhi, matumbawe yote ya mifupa migumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Mie niliiona 1998. Maji yalipopata joto mwaka ule, mwamba wetu uligeuka mweupe kama mtu kamwaga unga. Babangu mvuvi alidhani ni nuksi. Sehemu nyingine hazijarudi mpaka leo, na 2016 na 2024 joto likaja tena. Anayetaka tumbawe anunue vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vina karatasi zake.

Ila kaka Mvuvi, wewe una bahati moja ambayo sisi hatuna. Huku wenye matangi wanahangaika kupoza maji, Februari na Machi sebule inapita nyuzi 30. Wewe huko juu una baridi ya bure.

#5 Mvuvi_wa_NchiKavu

@Kilindini77 asante mzee wangu, hapo umesema yote kuhusu karatasi. Klauni wangu wamezaliwa tangini, na vipande vyangu vimekatwa kwenye matumbawe mama yaliyo tangini. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinagundishwa juu ya jiwe na baada ya mwaka unamkatia mwenzako.

La joto ni kweli. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, usiku unashuka mpaka nyuzi 17. Tangi linataka 25 au 26, kwa hiyo sisi tunanunua hita, hatununui kipozeo. Chukua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Thamostati ikiganda ikiwa imewaka, hita ndogo moja haina nguvu ya kupika tangi kabla hujaamka. Mimi kwenye mafriji nimeona thamostati ngapi zimeganda, siwezi kuamini moja na viumbe vyangu.

Ila mwinuko huo unatoza kodi. Hewa ya Kampala ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya chumvi yenye joto tayari yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya ziwa. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa pwani kwamba tangi la saizi hii linabeba samaki sita, wewe ukiwa Kampala weka wanne. Na uso wa maji utikisike saa zote. Ukiuona umetulia kama kioo, kuna kitu kimezimika.

#6 Binti_Bombo

Kaka Mvuvi naomba nichangie maumivu yangu, labda nitamwokoa mtu.

Nilianza na lita 120. Niliona osmosisi inapoteza maji mengi, nikajiambia mvua ni maji safi kutoka mbinguni, na hapa Bombo tuna tangi la mvua kubwa. TDS ilisoma 14 tu, nikafurahi. Miezi miwili mambo mazuri. Halafu konokono wakaanza kuanguka kwenye kioo, mmoja mmoja, wakilala chali. Kamba akafa akiwa katikati ya kubambua gamba. Samaki hawakuwa na tatizo lolote, ndiyo maana sikuelewa. Nilipima amonia mara mia: sifuri. Ni mjomba wangu, wala hajui samaki, aliyetazama juu akauliza: "Mwanangu, haya maji si yanapita kwenye mabati?"

#7 Mvuvi_wa_NchiKavu

Mjomba apewe soda! Mabati yetu yamepakwa zinki. Mvua inaikomba kidogo kidogo, na wasio na uti wa mgongo (konokono, kamba, matumbawe) hawaivumilii hata kwa kiasi ambacho samaki hasikii kitu. Shaba ni hivyohivyo. Angalia koki za shaba kwenye njia ya maji yako, na ujue kwamba dawa nyingi za magonjwa ya samaki ni shaba. Na dada, kipima TDS hakikudanganyi, ila hakikwambii hizo 14 ni za nini. Kumi na nne za chumvi ya kawaida hazina neno. Kumi na nne zenye zinki ni msiba.

Kwa kuwa tumefika kwenye sumu za nyumbani, niseme ile mbaya kuliko zote: dawa ya mbu ya kupuliza. Zile dawa zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba na kaa ni binamu zao. Samaki nao wanakufa haraka. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, kwa hiyo ukipuliza chumba cha pili mlango wazi, umepuliza tangi. Kwangu tunatumia neti. Wageni nawaambia mlangoni.

#8 MamaPacha_Ebb (Entebbe)

Habari zenu jamani. Tangi letu lina miezi mitano. Maswali yangu ni haya: wale wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi, wanafuata taa za tangi na kuanguka ndani kwa mamia. Samaki wanawala, nami namshukuru Mungu kwa chakula cha bure. Ni sawa?

Pili, mawe yetu yameota mwani wa kijani kama nywele, na pia kuna vile vimatumbawe vidogo kama vifungo vya shati, vya kahawia, vimeenea kila mahali sivitaki. Mume wangu amesema Jumamosi tunatoa mawe yote, tunayachemsha kwenye sufuria kubwa ile ya sherehe, tunayasugua na kuanza upya. Muda gani yachemke?

#9 Mvuvi_wa_NchiKavu

DADA USICHEMSHE. Mwambie shemeji aache kabisa.

Vile vifungo vya kahawia ni jamii ya zoa na palithoa. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni kati ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana kwa viumbe wa bahari, na moto hauiharibu. Ukichemsha, mvuke unaibeba. Zipo familia nzima huko nje zilizolazwa hospitali kwa kosa hilihili, watoto na mbwa pamoja. Kusugua kwa brashi kunarusha matone usoni na machoni, ni vilevile. Mtu akishapata ladha chungu au ya chuma mdomoni, homa, kikohozi, kifua kubana baada ya kushika mawe hayo, toka nje wote, nenda hospitali, na mtaje hilo neno kwa daktari kwa sababu hatalifikiria mwenyewe.

Ukitaka kuviondoa, mawe yenye vifungo hivyo yaingie kwenye ndoo ya maji yenye jiki, nje ya nyumba, glavu mkononi na miwani machoni, yalale humo usiku kucha. Kisha suuza mara nyingi na uyaanike juani mpaka harufu ya klorini iishe. Mawe yenye mwani tu, hayana vifungo, usiyatoe.

#10 MamaPacha_Ebb

Nimetetemeka. Sufuria ilikuwa imeshatolewa stoo.

#11 Binti_Bombo

Nnyabo pole. Na mimi leo ndiyo kwanza nasikia hiyo sumu, na nilikuwa navikata kwa wembe bila glavu.

#12 Mvuvi_wa_NchiKavu

Haya, tumerudi kwenye hali ya kawaida. @MamaPacha_Ebb wale wadudu ndiyo chanzo cha hizo nywele za kijani. Samaki anakula wawili, mia moja wanaoza. Weka wavu mwembamba juu ya tangi na uzime taa saa wanapotoka. Chakula chochote ambacho hakikuliwa kinageuka amonia, amonia inageuka naitraiti, naitraiti inageuka naitreti, na naitreti ni shamba la mwani.

Hapa niseme lile la mzunguko ambalo nililiruka. Tangi jipya halina wafanyakazi. Unatia maji, mawe, mchanga, halafu unaweka amonia kidogo, au kipande cha kamba mbichi wa sokoni kama hujali harufu. Bakteria wanajenga mji ndani ya vitundu vya mawe. Wiki nne hadi sita. Siku utakapotia amonia kufikia 2 ppm (sehemu mbili kwa milioni) na kesho yake ukakuta sifuri, na naitraiti sifuri, ndipo unamleta samaki mmoja. Mmoja! Kisha subiri wiki mbili. Katikati ya hapo utaona vumbi la kahawia kwenye mchanga, halafu mwani wa kijani, pengine utando mwekundu. Hizo ni hatua, kama mtoto kuota meno. Wanaoharibu matangi yao ni wale wanaomwaga dawa kwa kila rangi inayojitokeza.

Naitreti yako ikiwa kati ya 2 na 10, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, umefika. Msizisukume ziwe sifuri kamili, matumbawe yanakonda na kuna mwani mbaya zaidi unaopenda maji yenye njaa.

#13 Ostadhi_wa_Arua

Naomba kujuzwa kuhusu umeme. Huku kwetu ukikatika jioni, unaweza kurudi asubuhi. Hobi hii ni ya matajiri wa Kololo tu?

#14 Mvuvi_wa_NchiKavu

@Ostadhi_wa_Arua nilikuwa nalingoja swali hili, kwa sababu nina aibu nayo.

Wiki ya tatu ya tangi langu, umeme ulikatika saa nane usiku. Kwangu maji yanatoka tangi la juu kwa bomba la kufurikia, yanashuka kwenye tangi la chini kabatini, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Pampu iliposimama, bomba la kurudisha likageuka mrija wa kunyonya. Lilivuta maji kutoka juu mpaka mdomo wake ukapata hewa, na mdomo wake nilikuwa nimeuzamisha chini sana kwa sababu eti hivyo mawimbi yanapendeza. Lita 20 na zaidi zilifurika kabatini, zikapita sakafuni, zikamshukia jirani wa chini kitandani. Alipanda akiwa amejifunga shuka. Alionja yale maji mbele yangu, akauliza: "Kwa nini yana chumvi?" Eleza hapo, saa nane na nusu usiku.

Dawa yake ni tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, tundu linavuta hewa, mnyonyo unakatika. Na tangi la chini lisijae, liwe na nafasi ya kupokea kinachoshuka. Kabla hujaweka hata jiwe, zima swichi mwenyewe mchana, uone yanafika wapi. Rudia mara tatu. Lile tundu nalo lisafishe kila mwezi, konokono wanapenda kulala humo.

Waya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na uweke swichi ya kukata umeme unapovuja. Mkono uliolowa chumvi na soketi si marafiki.

Sasa giza lenyewe. Watu wanaogopa baridi. Lita 180 zinapoa taratibu, blanketi juu ya kioo linatosha mpaka asubuhi. Kinachoua ni oksijeni, na nilishasema sisi tunaanza na pungufu. Kwa hiyo hesabu ya betri isianze na hita wala taa. Inaanza na pampu moja ya mawimbi ya wati 10 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja. Betri ya volti 12 ya Ah 50 ina wati-saa 600. Ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, umebaki na 300. Gawanya kwa 10, una saa 30. Huhitaji kuwa mtu wa Kololo. Skima (kichujio cha povu), taa, pampu kubwa, vyote vilale. Na usiwalishe samaki gizani.

#15 Ostadhi_wa_Arua

Saa 30? Kwa betri ya bodaboda ya umeme basi si wiki? Nimeelewa. Allah akulipe kheri.

#16 Kilindini77

Jirani kuonja maji! Nimecheka mpaka chai imenimwagikia.

Kaka, waambie pia kuhusu maji yanayokauka. Jamaa yangu hapa Nyali aliua tangi zima kwa hilo.

#17 Mvuvi_wa_NchiKavu

Kweli, nilisahau. Maji yanapokauka, chumvi haipandi hewani, inabaki. Kwa hiyo unaongezea maji matupu ya osmosisi, si ya chumvi. Kwangu zinakauka lita mbili kwa siku, kiangazi cha Januari zinafika tatu. Ukiongezea ya chumvi kila siku, baada ya mwezi unafuga samaki wa kukaushwa. Nimeweka kielea kama cha tangi la choo, kinafungua maji kutoka kwenye dumu lenyewe. Dumu liwe dogo, lita 10, ili kielea kikikwama lisiweze kuzamisha uchumvi wote.

Kuhusu vipimo vingine: kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, ualkali 8 au 9 kwa kipimo cha dKH. Tangi la matumbawe laini likibadilishwa maji kila wiki halihitaji zaidi. Ya mifupa migumu yanakula ualkali. Mimi naongeza kwa bikaboneti ya soda ile ya keki, dukani kwa Mhindi pale chini. Gramu 3 kwa kila lita 100 zinapandisha dKH 1, na usipandishe zaidi ya hiyo kwa siku. Ila soma pakiti. Hamira ya unga inafanana nayo na ndani ina vitu vingine. Magadi ya kupikia maharage, hapana.

#18 Kijana_wa_Mbarara

Mimi niko tayari kuagiza samaki wanaofika Entebbe kwa ndege. Nimesoma kwamba lazima nidondoshe maji tone tone ndani ya mfuko saa mbili ili wazoee. Sahihi?

#19 Mvuvi_wa_NchiKavu

Kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, dondosha utakavyo. Kwa aliyekaa mfukoni saa 30, hiyo ndiyo njia ya kumuua ukimtazama. Humo mfukoni ametoa amonia safari nzima, lakini pumzi yake imejaza kaboni dioksidi, maji yakawa na asidi, na kwenye asidi amonia haiumi sana. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi inatoka, asidi inapungua, na ile amonia yote inageuka sumu kali papo hapo. Saa mbili za matone zinamkuta humo.

Elea mfuko uliofungwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kabla ya hapo mwulize muuzaji uchumvi wake, nawe uandae tangi la karantini lenye uchumvi huohuo. Fungua, mtoe kwa mkono au kikombe chenye matundu, mtie ndani, maji ya mfuko mwaga chooni. Imekwisha.

Na karantini si hiari. Ugonjwa wa madoa meupe wa maji ya chumvi ukiingia kwenye tangi lenye matumbawe, huwezi kutumia shaba humo. Itabidi samaki wote watoke na tangi likae bila samaki siku 76, ndiyo hesabu wanayoishika wafugaji wengi, vimelea wakose wa kumng'ang'ania. Nimeyapitia. Watoto walikuwa wanaliita tangi la mawe.

#20 Nkejje_wa_Jinja

Wakuu, nilikuja kucheka, sasa nimesoma uzi wote mara mbili na mke wangu ananiuliza kwa nini napima ukuta wa sebule.

Nina kioo cha lita 40 kipo stoo. Kinafaa kuanzia?

#21 Mvuvi_wa_NchiKavu

Ahaa! Lita 40 inafaa kuwa tangi la karantini, itunze kwa kazi hiyo. Kuanzia chukua 150 kwenda juu. Katika maji madogo, kosa dogo linakuwa kubwa kabla hujarudi kutoka kazini. Klauni wawili, wadogo wote wawili. Wanazaliwa madume, mmoja atakayekua mkubwa ndiye atakayegeuka jike, kwa hiyo usihangaike kuchagua. Anemoni, yule wa minyiri ambamo klauni hujificha, subiri hata mwaka.

Na nkejje wako usiwaache. Tangi la samaki wa Ziwa Victoria halihitaji chumvi wala taa kali, na wale madume wakiwa na rangi za kuzaliana wanawashinda samaki wengi wa bahari. Mimi ningekuwa Jinja ningeweka yote mawili.

#22 Nkejje_wa_Jinja

Lita 160 basi, fundi nimeshampata Masese. Mawe nayatoa wapi?

#23 Mvuvi_wa_NchiKavu

Mengi nunua makavu. Mimi nitakupa moja lenye uhai, kilo mbili hivi, lipandishe bakteria kwenye hayo makavu. Nimelikagua, halina vifungo vya kahawia wala anemoni wale wadogo waharibifu. Njoo Jumamosi na boksi la foromu lenye kifuniko. Tutalifunga kwa magazeti yaliyolowa maji ya chumvi, hivyo kwa safari ya Jinja halitakauka. Ila maji yako ya chumvi yawe tayari ndani ya tangi, yamepimwa, pampu inazunguka, na ile swichi umeshaizima mara tatu. Ukifika Mukono nipigie, nianze kulitoa majini.